Kabla hujambeba, mtazame: kazi ya mlezi wa kituo

Mabinti wanaokuja kuniomba kazi hapa Mbagala huanza na maneno yaleyale: "Mama, mimi napenda watoto." Nawaamini. Halafu namuuliza kila mmoja: huyo mtoto wa mwisho uliyekaa naye, mdogo wako au mtoto wa jirani, mchana hulala saa ngapi? Akitaka kulala anafanya nini, anasugua macho, anavuta sikio, au anaanza ugomvi? Wengi hunyamaza. Wanampenda kweli, ila hawajawahi kumtazama.

Nimelea watoto wa watu tangu 2003. Nilianza nikiwa dada wa kazi nyumbani kwa watu, nikaja kuajiriwa kwenye kituo cha kulea watoto mchana, na sasa nina kituo changu cha vyumba viwili na uwanja wenye mwembe. Mama zao ni mama ntilie, wauza samaki wanaowahi Feri alfajiri, mabinti wa viwandani. Haya ndiyo ninayomfundisha anayeanza kazi kwangu.

Mtoto wa miezi 8 hana neno la kukwambia kwamba sikio linamuuma. Alichonacho ni kawaida yake: anavyoamka, anavyonyonya, anavyolia akiwa na njaa. Kawaida hiyo ikivunjika, hapo amesema. Kwa hiyo lazima umjue akiwa mzima, siku ambazo hana tatizo lolote, ndipo siku ya tatizo umsikie.

Tulikuwa na mvulana wa mwaka na nusu ambaye kila asubuhi akifika mlangoni alivua ndara zake mwenyewe na kuzipanga ukutani. Hakutaka msaada, ukimgusia ndara analia. Siku moja alisimama tu, mama akamvua, yeye kimya. Kipimajoto kilisoma 37.4, joto ambalo halimtishi mtu, na mama alikuwa anawahi daladala. Nikamwambia, "Mama, mwanao leo hajavua ndara. Simu yako iwe mkononi." Saa nne asubuhi joto lilikuwa 39. Zahanati walimtoboa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akaanza dawa mseto siku hiyohiyo. Kama ningengoja kipimajoto kinishtue, saa hizo zote zingepita bure.

Ndiyo maana mapokezi ya asubuhi kwangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na simwachii mgeni. Mtoto hapokewi dirishani kama furushi. Unachuchumaa hadi macho yako yawe sawa na yake, unamsalimia kwa jina, unangoja akujibu kwa namna yake. Huku unamtazama: macho, pua, ngozi, anavyopumua, anavyokanyaga. Kisha unamuuliza mama maswali matatu, kila siku, hata kama jibu ni lilelile. Alilalaje? Amekula nini na saa ngapi? Kuna dawa yoyote amepewa? Unaandika kwenye daftari mbele yake. Kama ana alama mwilini, kovu jipya au mchubuko, mnaiona wote wawili hapo hapo, unaandika iko wapi na mama amesema nini. Hilo humlinda mtoto, na siku nyingine hukulinda wewe.

Daftari hilohilo lina ukurasa wa wanaoruhusiwa kumchukua. Majina na namba za simu, mama ameandika mwenyewe. Bodaboda akija jioni akasema, "Mama wa fulani amenituma," jibu ni moja: mtoto hatoki. Unampigia mama kwa namba iliyo kwenye daftari, si kwa namba anayokupa dereva. Nimewahi kutukanwa na mjomba wa kweli kabisa wa mtoto kwa sababu hakuwa kwenye orodha. Nilimpa kiti na maji ya kunywa, nikampigia mama yake mtoto, na mtoto hakutoka hadi mama alipopokea simu.

Wiki ya kwanza ya mtoto mgeni ina mambo yake. Mama wengi hupenda kuchomoka kimyakimya mtoto akiwa anachezea kitu. Usikubali. Mtoto akigeuka akakuta mama hayupo, kesho yake hatachezea kitu chochote, atakaa amemshika nguo. Mama aage, hata kama mtoto atalia: "Naenda kazini, nitakuja jioni." Kisha aondoke kweli, asirudi kuchungulia. Mwombe aache kanga aliyolala nayo, isiyofuliwa. Mtoto ukimlaza juu ya kanga yenye harufu ya mama yake utaona mabega yanashuka. Na ikiwezekana siku ya kwanza akae saa 2 tu, ya pili nusu siku. Najua mama mwenye biashara hana siku za kupoteza, kwa hiyo sichukui ada kamili kwa wiki hiyo, ili asiwe na sababu ya kuharakisha.

Sasa chakula. Mtoto wa chini ya miezi 6 anakunywa maziwa ya mama tu, hata maji hapewi, na mlezi anayejua kazi humsaidia mama asiache kunyonyesha kwa sababu ya kibarua. Mama akamue, alete kwenye chombo safi chenye mfuniko, kimeandikwa jina na saa. Maziwa hayo hustahimili saa 4 nje kwenye chumba cha nyuzi 25, na vyumba vyetu Dar es Salaam vina joto zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo yakifika yanaingia kwenye friji, na umeme ukikatika yanaingia kwenye deli lenye barafu. Kuyapasha unaweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, hayaendi motoni. Na ninalisha kwa kikombe kidogo, si chupa ya chuchu. Kikombe ukikisugua unaona kimetakata. Ndani ya ile chuchu maziwa hubaki kwenye mikunjo, na humo ndimo kuharisha kunakoanzia.

Akifikisha miezi 6 anaanza uji na vyakula vilivyopondwa, huku akiendelea kunyonya. Kuhusu uji wa lishe nina neno. Watu wanachanganya nafaka saba na karanga wakidhani wingi ndio ubora. Karanga na mahindi yaliyokaa kwenye unyevu huota ukungu wenye sumu, sumukuvu, na haiondoki kwa kuchemsha. Mimi nachagua karanga punje kwa punje, iliyosinyaa au yenye rangi ya kijivu naitupa, nasaga kidogo kidogo. Asali haingii kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ya kupaka ulimini. Na wakati wa kumlisha mwangalie usoni. Akigeuza kichwa ameshiba au anataka kupumzika. Kumlaza magotini, kumbana pua na kummiminia uji ni ukatili, hata kama bibi zetu wengine walifanya hivyo kwa nia njema.

Kupaliwa na chakula hutokea mbele ya macho yako, na kimya kimya. Mwaka 2011, kwenye kituo nilichokuwa nimeajiriwa, kaka wa mtoto wa karibu miaka miwili alimpa mdogo wake pipi getini akielekea shuleni. Nilimwona mtoto anafungua mdomo, hatoi sauti, midomo inageuka rangi. Nilimwinamisha juu ya paja langu, kichwa chini, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. La nne pipi ikaruka. Nilikuwa nimefundishwa miezi miwili tu kabla ya hapo, na mikono ilikumbuka kuliko kichwa.

Jifunze hivi, na ufanye mazoezi kwa mwanasesere kila mwezi. Mtoto wa chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, piga mara 5 katikati ya mabega. Haijatoka, mgeuze chali, bonyeza mfupa wa katikati ya kifua kwa vidole viwili, chini kidogo ya usawa wa chuchu, mara 5. Rudia. Aliyezidi mwaka 1: mara 5 mgongoni, kisha simama au piga magoti nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Kama anakohoa kwa nguvu na analia, mwache akohoe, hewa inapita. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Akizimia, mlaze chini, piga kelele watu walete gari, na uanze kumsukuma kifua na kumpulizia kama ulivyofundishwa. Kama hujafundishwa, tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya kutafuta sare.

Homa na degedege nazieleza polepole, kwa sababu huku kwetu zina historia. Nilikua nikisikia kwamba degedege ni mdudu au shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano wakati huo atakufa. Nimeona mtoto akifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, nimeona akimwagiwa mkojo, na watu waliofanya hivyo walikuwa wanalia kwa hofu. Sitawakejeli. Lakini kwangu hakuna moshi. Mtoto akikakamaa na kutikisika: mlaze ubavu, sehemu tambarare, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji. Tazama saa. Kisha hospitali, hata kama imekwisha baada ya dakika 1 na mtoto anatabasamu, kwa maana chanzo bado kimo mwilini: malaria, nimonia, homa ya uti wa mgongo. Ikizidi dakika 5 usingoje iishe, ondoka naye saa hiyohiyo.

Dalili nyingine za kwenda hospitali bila kumsubiri mama afike: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki sawasawa. Mkutane na mama huko huko. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 naye ni wa hospitali, usimchukulie kama homa ya kawaida. Na jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, inua nguo, tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu dakika 1 nzima. Wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi. Ukiona chini ya mbavu panabonyea kila akivuta hewa, usimalizie hata kuhesabu.

Kuharisha, kinachoua ni maji kuisha mwilini. Pakiti ya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, inakorogwa kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1, si kwenye kikombe, na anapewa kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole. Tazama utosi kama umezama, macho kama yamedidimia, nepi kama imekaa kavu tangu asubuhi. Zahanati watampa na zinki ya siku 10 au zaidi. Mwambie mama asiiache choo kikikaza.

Dawa nyingine haiingii kituoni bila karatasi yenye jina la mtoto, kipimo na saa. Kuna walezi wanaowapa watoto dawa ya mafua ili walale mchana wote. Mtoto mdogo aliyelazwa kwa dawa anaweza kuacha kupumua. Nikigundua mlezi amefanya hivyo, siku hiyo ndiyo yake ya mwisho kwangu, na mama anaambiwa.

Usalama wa nyumba utauona ukitambaa. Nasema kweli: asubuhi yako ya kwanza nitakuomba upige magoti utambae chumba chote, uone anachoona mtoto. Utaona kisoda chini ya kabati, waya wa feni, ndoo ya kudekia. Ndoo yenye maji ya kina cha kiganja inamtosha mtoto anayejifunza kusimama kuzama kichwa chini, kwa hiyo ndoo na madumu yote hufunikwa au humwagwa. Mafuta ya taa hayakai kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa usimtapishe, yakirudi yanaingia kwenye mapafu. Chukua na chupa yenyewe, kimbia hospitali. Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, si barafu, si dawa ya meno, si ute wa yai. Kibuyu chirizi chetu cha kunawia mikono kimening'inia kwenye tawi la mwembe, na sabuni iko pembeni: kabla ya kulisha, baada ya nepi, baada ya pua. Mtoto wa kike unamfuta kutoka mbele kwenda nyuma. Wa chini ya mwaka analala chali, kwenye godoro gumu, bila mto, ndani ya chandarua, na kila baada ya dakika 10 mtu anapita kumtazama kifua.

Michezo sitaieleza kirefu, maana mtoto mwenyewe ni fundi. Vifuu vya nazi, magunzi, chupa za maji zenye mchanga zilizofungwa vizuri, masanduku ya maboksi. Kazi yako ni kuongea naye. Unapombadilisha nepi mwambie unachofanya: "Sasa tunainua mguu, huu wa kulia." Akitoa sauti, nyamaza, umwachie zamu yake, kisha umjibu. Mwingine ataona unaongea peke yako; baada ya miezi michache utasikia maneno yako yanatoka kwenye kinywa cha mtoto. Ukisema "Paukwa" na wa miaka miwili akaitikia "Pakawa," hiyo kazi imefanywa na mdomo wako. Simu iwe kabatini. Huwezi kusikia sauti ndogo hiyo huku unatazama video.

Kuhusu kupiga: hapana. Hata kofi la mkono. Mtoto anayeng'ata wenzake mara nyingi anaota meno, au amechoka, au hana neno la kusema "ni changu." Mshike, umtoe hapo, umpe aliyeumia huruma yako kwanza, kisha mwonyeshe aliyeng'ata neno la kutumia. Nilimwandikia mmoja saa za kung'ata kwake kwa wiki nzima. Zote zilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Tukawa tunampa uji wake nusu saa mapema, na kung'ata kukapungua hadi kukaisha.

Kuna jambo zito ambalo lazima lisemwe. Siku moja mtoto ataogopa kuvuliwa nguo, au atasema neno asilopaswa kulijua, au utaona jeraha mahali ambapo mtoto haangukii. Usimhoji kwa maswali mengi. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, andika maneno yake kama yalivyotoka, pamoja na tarehe na saa. Kama tukio ni la karibuni usimuogeshe wala usifue nguo zake. Usimkabili unayemshuku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za namna hii azifikishe serikali za mitaa. Yuko afisa ustawi wa jamii, liko Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ipo namba 116 ambayo haikati salio. Watakwambia "usiharibu familia ya watu." Piga simu. Na kwa upande wetu, kwangu hakuna mlezi anayejifungia chumbani na mtoto, awe mwanamke awe mwanamume. Mlango wa kubadilishia nepi uko wazi.

Jioni inahitaji ukweli. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi mtoto alikataa chakula kutwa nzima, na mama yake aliporudi nikasema, "Amekula vizuri." Niliogopa kufukuzwa. Mama hakumwamsha usiku kumnyonyesha, akidhani ameshiba, na alfajiri mtoto alikuwa hana nguvu za kulia. Alipona, na mama hakuwahi kujua sababu. Mimi ninajua. Tangu hapo mama anaambiwa kijiko kwa kijiko: amekula nusu kikombe cha uji, amekataa ndizi, amelala dakika 40, amekojoa mara 5, ameanguka kwenye ngazi na uvimbe ni huu hapa. Akikasirika, akasirike akiwa anajua.

Kuhusu ajira yenyewe: uliza kama kituo kimesajiliwa na ustawi wa jamii, uliza utashika watoto wangapi. Mimi simpi mlezi mmoja zaidi ya watoto wanne wa chini ya miaka miwili. Ukiambiwa kumi na tano peke yako, mshahara hata uwe mzuri, ondoka, kwa sababu hakuna macho yanayotosha. Inama kwa magoti ukiwainua, mgongo ndio utakaokuuma kwanza.

Ukija kwangu, siku tatu za kwanza hutabeba mtoto. Utapewa kigoda, daftari na watoto wanne wa kuwatazama kutoka pembeni. Utaandika kila mmoja anavyofika, anavyolia, anavyoomba, anavyotafuta usingizi. Siku ya tatu jioni nitakaa nawe chini ya mwembe, nitafunika majina kwa kiganja na kukusomea ulichoandika, na wewe utaniambia ni nani. Ukiwatambua wote wanne, kesho asubuhi utasimama nami mlangoni kupokea.